Tupeane uzoefu: Uliyefika Butiama kwa Mwalimu, ulikutana na nini?

Mzaramo Mpole: Wakuu, mwanangu kaniuliza Nyerere kazikwa wapi, nikajikuta kimawazo nimerudi ghafla Mwitongo, pale kwake Butiama. Nilitegemea kasri. Nikakuta mawe makubwa, upepo, kaburi lake, na wazazi wake, Mtemi Burito na Bi Mgaya, wamelala papo hapo. Mliofika tiririkeni.

Ng'wana Kaskazini: Umenikumbusha mbali. Ukimya wa pale kaburini, hata mtoto wangu msumbufu alitulia.

Kidato cha Pili Milele: Sisi tulikwenda na shule, kwenye Fuso, vumbi mpaka kwenye kope. Makumbusho tuliyaona vizuri, tukaambiwa habari za Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi alizozitafsiri Mzee, wengine tunasinzia. Wakati wa kuondoka, mwalimu wa zamu anahesabu, mmoja hayupo. Anahesabu tena, hayupo! Jua linazama. Tukasambaa kwenye mawe tunaita, yule mwalimu sauti imemkauka, nadhani alishaanza kutunga barua ya kuacha kazi. Kumbe mwenzetu kafukuza pimbi, mguu umenasa kwenye ufa hadi kifundoni. Kuvuta, analia. Mzee mmoja wa pale akaja polepole, akaagiza maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akapaka, akazungusha mguu kama anafungua kufuli. Ukatoka. Kiatu kiko humo hadi leo. Mwalimu akamkumbatia, halafu akamtandika.

Bibi Wifi: Hahaha! "Halafu akamtandika"! Nacheka peke yangu ofisini.

Jembe Butu: Mada ni Mwalimu au pimbi?

Bibi Wifi: Pimbi. Endelea kununa.

Jembe Butu: Haya. Mimi nasema msitudanganye kwamba aliishi kibandani. Ile nyumba aliyojengewa na jeshi si ndogo.

Mzanaki Og: Mkuu, umesema mwenyewe: aliyojengewa. Mtu katawala tangu uhuru, kang'atuka 1985, karudi kijijini kulima na kucheza bao na wazee. Linganisha na wastaafu unaowajua wewe.

Jembe Butu: Kulinganisha na wabaya hakumfanyi mtu malaika.

Mzanaki Og: Malaika sijamtaja. Ingawa mchakato wa kumtangaza mtakatifu Kanisa Katoliki limeshauanza, kwa hiyo chunga mdomo.

Ng'wana Kaskazini: Wanaotaka kwenda: ukitokea Mwanza shukia Kiabakari, chukua bodaboda. Nenda asubuhi, mchana jua la juu ya mawe ni adhabu.

Mzaramo Mpole: Asubuhi unakutana na misafara ya shule. Nenda jioni.

Kidato cha Pili Milele: Jioni ndiyo tulipotezana. Vaeni raba zinazobana.

Bibi Wifi: Zisibane sana, zitatokaje?

Mgeni Njiani: Samahani wakuu, nina mama mzee, magoti hayamsaidii. Kaburini anafika bila kupanda mawe?

Mzanaki Og: Anafika. Mwende taratibu tu, kaburi halipo kwenye majabali anayoyasimulia huyu. Na mzee yeyote utakayemkuta, msalimie kwanza ndipo uulize njia.