Mafuta ya lishe ya mshipani: yana soko huku Nyanda za Juu Kusini?

Mfamasia wa Uyole:
Shikamooni wakubwa. Nina duka la jumla la dawa hapa Mbeya, na msambazaji mmoja ananishawishi nichukue mafuta ya kumlisha mgonjwa kwa mshipa, ya asilimia 20, akisema soko lake linakua duniani kote. Najiuliza ni nani atakayeyanunua huku kwetu, na kama hayawezi siku moja kutengenezwa kwa soya yetu wenyewe.

Dada wa Famasi, Iringa:
Marahaba, mdogo wangu. Achana kwanza na soko la dunia, uanze na wodi. Mafuta haya humfaa mgonjwa ambaye utumbo wake haufanyi kazi, na mtoto njiti ambaye tumbo lake bado halijaweza kupokea maziwa ya kumtosha. Maadamu tumbo linafanya kazi, kumlisha kwa mpira wa puani ni nafuu na salama zaidi. Tena hospitali isiyo na amino asidi (viungo vya protini) na glukosi ya kuandamana nayo haitayagusa. Mimi nilichukua katoni nne kwa ahadi ya mdomo, daktari aliyeziomba akahamishwa, na tatu zikaisha muda wake rafuni. Dai agizo la maandishi, na namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, uione kwa macho yako.

Mtu wa Usingizi:
Mmesahau chumba cha upasuaji. Bupivakaini, dawa ya ganzi, ikiingia kwenye damu kwa wingi, moyo unaweza kusimama, na mafuta hayahaya ndiyo huokoa: mililita 1.5 kwa kila kilo, yaani mililita 90 kwa mtu wa kilo 60, kabla hata ya dripu inayofuata. Chupa moja ya mililita 100 haitoshi. Ni mauzo madogo, lakini kila chupa inayoisha muda lazima ibadilishwe.

Mkulima Msomi, Njombe:
Kuhusu soya, mbegu siyo kikwazo. Arvid Wretlind wa Uswidi alifanikiwa miaka ya 1960 kwa mafuta ya soya na fosfolipidi za kiini cha yai, zinazosaidia mafuta kuchanganyika na maji. Kazi ilikuwa kuyavunja yawe matone madogo kuliko nusu ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yasiyo na kijidudu hata kimoja. Zaidi ya hapo, kampuni kubwa zimeanza kuchanganya soya na mafuta ya zeituni na ya samaki, kwa kuwa soya tupu ikitumika muda mrefu imehusishwa na maradhi ya ini kwa watoto wachanga. Kiwanda chetu kingeanzia pale wenzetu wanapohama.

Mfamasia wa Uyole:
Nashukuruni sana. Nitaanza na vyumba vya upasuaji vitatu ninavyovihudumia tayari, kwa agizo la karatasi.

Dada wa Famasi, Iringa:
Sawa. Yasizidi nyuzi 25, wala yasigande. Gari likilala Makete usiku wa Julai, chupa iliyoganda itupwe.