Tupeane uzoefu: mliosoma Urusi na nchi jirani zake, wenyeji waliwasimulia nini kuhusu zama za Tsari (mfalme wa Urusi)?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nilisoma Leningrad, siku hizi St. Petersburg, miaka ya themanini. Mlangoni kwa bweni letu alikaa bibi mmoja mkali, ila ukimletea chai anafunguka. Baba yake alikuwa kibarua wa kiwanda cha Putilov, na ile Jumapili ya Januari 1905 alikuwemo kwenye msafara wa Padri Gapon. Walibeba sanamu za watakatifu na picha za Tsari mwenyewe. Walikwenda kumlilia shida kama mtoto anavyomlilia baba: kazi iwe saa nane kwa siku, mishahara iongezwe. Tsari wala hakuwemo ikulu. Askari wakawamiminia risasi. Bibi alisema baba yake aliporudi, aliigeuza picha ya Tsari iliyokuwa sebuleni ikatazama ukuta, na hakuna aliyethubutu kuigeuza tena. Karibuni, kila mtu na alichosikia.

Mjukuu wa Kilosa: Mimi wa juzi tu, nimesomea udaktari Kaunas, Lithuania. Kuna sanamu pale ya mtu aliyejitwika furushi mgongoni. Nikadhani machinga! Rafiki yangu mwenyeji akacheka mpaka machozi. Kumbe ni msafirisha vitabu vya magendo. Kwa miaka 40, hadi 1904, serikali ya Tsari ilipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Ilitaka waandike kwa herufi za Kirusi. Basi vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, Prussia, vikavushwa usiku. Ukikamatwa unaweza kuishia Siberia. Na vingi vilikuwa vitabu vya sala, wakuu, si vya siasa. Babu wa babu yake rafiki yangu alikuwa anavificha chini ya majani ya ng'ombe.

Nahodha Mstaafu: Odesa hapa, Ukraine, uhandisi wa meli. Kwetu hadithi ni nyama. Juni 1905, manowari ya Tsari, Potemkin, nyama imejaa funza. Daktari wa meli akaikagua, akasema ioshwe tu, inalika. Mabaharia wakaususa mchuzi, mkubwa mmoja akampiga risasi baharia Vakulenchuk, meli ikapinduka (si majini, namaanisha uongozi). Maiti yake ikalazwa bandarini Odesa, mji mzima ukaja kuitazama. Mwisho waliikabidhi meli Romania. Mwalimu wetu wa injini alikuwa akikuta chakula cha kantini kibaya anauliza, "Daktari ameshakikagua?"

Bibi Shamba: Mbona mnazungumzia mijini tu? Mkulima yuko wapi? Hao mabaharia wenyewe wengi walikuwa watoto wa wakulima.

Mleta mada: Shusha, mama.

Bibi Shamba: Nilikaa Voronezh miaka sita, kwenye udongo mweusi kama mkaa, na mama mwenye nyumba hakuchoka kuieleza habari hii. Mwaka 1861 wakulima waliachiwa huru kutoka kwa mabwana. Huru, lakini ardhi wailipie! Serikali ikamlipa bwana sehemu kubwa, halafu mkulima airudishie serikali kwa awamu za miaka 49, na riba juu. Na mara nyingi bwana alibakiza vipande vizuri, malisho na msitu. Deni si la mtu, ni la kijiji. Wenzangu wa mikopo ya vikundi mnanielewa: mmoja akikwama, mnabanwa wote. Kwa hiyo hata kuondoka kwenda mjini kutafuta kibarua unaomba ruhusa kijijini. Kausha damu ya nusu karne hiyo. Ilifutwa kuanzia 1907, tena baada ya wakulima kuchoma nyumba za mabwana.

Mluguru: Ngoja niongeze la mbali zaidi. Nilikuwa Frunze, siku hizi Bishkek, Kirgizstani. Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Tsari aliamuru wanaume wa Turkestan (Asia ya Kati) wachukuliwe kufanya kazi nyuma ya mstari wa vita, kuchimba mahandaki. Hawakuwa wakiandikishwa jeshini kabla ya hapo, na ardhi yao nzuri ilikuwa imeshagawiwa walowezi. Watu wakaasi, kuanzia mji wa Khujand. Jeshi likaja, Wakirgizi wakakimbilia China kupitia milimani, na wengi wakafia kwenye theluji. Wenyewe wanaiita Urkun, na wakati wangu ilisemwa kwa sauti ya chini.

Mzee mmoja alinisimulia chumbani kwake, redio ameipandisha makusudi. Alikuwa na miaka sita. Mama yake alimfunga kwa kamba juu ya ng'ombe asianguke. Mdogo wake alifungwa ng'ombe wa nyuma. Walipofika upande wa pili, ng'ombe wa nyuma hakuwepo.

Nikamwambia kwetu Dar kuna mtaa unaitwa Kariakoo, jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, vita hiyohiyo. Akaniuliza, "Na ninyi mlikimbilia wapi?" Nikamjibu babu yangu alijificha milima ya Uluguru, ndugu yake alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Mzee hakusema kitu. Alinimiminia chai nyingine, akapunguza redio.