Matokeo ya PLE (mtihani wa kumaliza darasa la saba Uganda) yanatuonyesha aliyefeli. Nani atatuonyesha alichofeli?

Mwalimu wa Busia

Ndugu zangu, nianze na mayai.

Muhula uliopita niliwapa darasa la saba moko, yaani mtihani wa majaribio, ya hesabu. Swali moja lilisema mfanyabiashara kanunua mayai dazeni tatu, matano yakavunjika, je, yamebaki mangapi? Jibu ni 31. Nikaanza kusahihisha: kosa, kosa, kosa, kalamu nyekundu inakwenda yenyewe. Nilipofika karatasi ya kumi na kitu nikashtuka kwamba kosa ni lilelile. 85. Nikarudi nyuma kuzikagua tena. 85, 85, 85. Kuibiana hawakuibiana, maana niliwakalisha mbalimbali mwenyewe. Nikamwita mmoja, mama yake anauza mayai karibu na stendi. "Hii 85 umeipataje?" Akaniangalia kama mimi ndiye nisiyejua hesabu. "Mwalimu, trei tatu ni tisini. Toa tano."

Hapa mpakani yai unanunua moja au unanunua trei ya thelathini. Dazeni ya mayai hakuna anayeitaja. Swali lilikuwa la Kiingereza, neno hakulijua, akaliziba pengo kwa anachokijua. Kuzidisha anajua, kutoa anajua, kakosa neno moja tu. Na mimi nilimpa sufuri ileile niliyompa aliyeacha patupu.

Sasa hoja yangu. Kila matokeo ya PLE yakitoka, mwalimu mkuu anaita kamati ya shule na tunaandika mpango wa kuboresha shule. Wetu wa mwaka huu, upande wa hesabu, unasema tuongeze divisheni wani, lile kundi la juu kabisa la ufaulu. Kwa njia gani? Walimu waongeze bidii, watoto waanze prepu, yaani kujisomea, saa kumi na moja alfajiri. Basi. Dazeni haina pa kuandikwa, kwa sababu matokeo yanayotufikia hayana dazeni ndani yake. Yana jina la mtoto, daraja la 1 hadi 9 kwa kila somo, masomo manne, jumla inayoanzia 4 kwa aliyefanya vizuri kabisa hadi 36 kwa aliyeanguka kote. Karatasi za majibu hazirudi shuleni. Watoto wenyewe wameshaondoka.

Kwangu mimi PLE ni chujio la kuamua nani aende sekondari ipi, na kazi hiyo inaifanya. Kuitumia kupangia matengenezo ya shule ni kumpelekea fundi gari halafu umkataze kufungua boneti. Wenye kupinga, karibuni.

Mzee wa Ukaguzi

Mwalimu, hongera kwa mayai, lakini usichome ghala kwa ajili ya panya mmoja.

Mimi ndiye ninayezunguka na pikipiki. Shule ni nyingi na mafuta ninayopewa hayazifikii zote kwa muhula mmoja. Namba inayozigusa shule zote, kila mwaka, kwa karatasi moja, Kampala na Karamoja sawasawa, ni PLE tu. Niondolee hiyo uone. Walimu wapya watapelekwa kwa mwalimu mkuu mwenye sauti kubwa, au mwenye shemeji wilayani.

Kuna shule moja, siitaji, ilikaa miaka minne bila divisheni wani hata moja. Madarasa saba, walimu watano. Nilisimama kwenye kikao cha wilaya na karatasi ya matokeo mkononi, na shule ile ikapata walimu wawili. Dazeni yako isingeleta hata mmoja.

Halafu UNEB, baraza la mitihani la Uganda, wanatoa ripoti ya jinsi watahiniwa walivyojibu, na kila wakitangaza matokeo wanarudia lilelile: watoto wanajibu maswali ya kukumbuka, wanajikwaa kwenye maswali ya kutumia walichojifunza. Mayai yako yameshaandikwa humo. Mnaisoma?

Mwalimu wa Busia

Shikamoo Mzee. Shuleni kwetu ripoti hiyo ipo nakala moja, imefungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu pamoja na mpira mpya. Niliiomba mara mbili. Mpira ulitoka kwanza.

Na hata nikiisoma, inazungumzia nchi nzima. Sawa, nchi nzima inajikwaa. Wangu wanajikwaa wapi?

Baba Wawili, Ntinda

Naomba niwe mbaya kidogo. Mtoto wa darasa la saba asiyejua dazeni ana shida kubwa kuliko lugha. Vitabu vya mazoezi si vinauzwa kwa dazeni? Anabeba nini begani miaka saba?

Mimi nalipa ada, na ile orodha ya shule magazetini matokeo yakitoka ndiyo naisoma kwanza kabla hata ya habari za mpira. Sekondari ninayomtakia binti yangu haiulizi kama anaelewa mayai, inauliza agrigeti, ile jumla ya masomo manne. Mkishabadilisha hilo mje tuzungumze. Na msiniambie tuwaachie walimu wapime wenyewe. Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza na S1 (kidato cha kwanza) mwaka 2020, unatoa asilimia 20 ya alama kwa kazi za shuleni. Nina kijana huko. Mradi wake niliukata kwa mkasi wangu mwenyewe mezani saa nne za usiku, na ukapata alama nzuri sana.

Mwalimu wa Busia

Ndugu, wanaonunua vitabu kwa dazeni ni nyinyi wa Ntinda, Kampala. Hapa mtoto anatumwa dukani na noti ya elfu moja anunue kimoja, arudishe chenji.

Hongera kwa mradi.

Mama Bombo

Mimi nina neno na huyo anayesoma orodha.

Mwanangu wa katikati ni mzito wa kusoma, siwezi kuficha. Alipokuwa darasa la sita niliitwa shuleni. Shule ya serikali hii, jina naliacha. Nikaambiwa kwa upole kabisa, na chai nikapewa: "Hajati, huyu arudie darasa, au tumwandikishie mtihani kwenye kituo kingine." Nikauliza kwa nini kituo kingine na anasoma hapa. Mwalimu akatazama dirishani. Baadaye mzazi mwenzangu ndiye aliyenifumbua macho: akifanyia kwao atawashusha.

Nilikataa. Wengine watatu hawakukataa, walikwenda kufanyia mbali, na mmoja wao alikosa karatasi ya pili kwa sababu ya nauli. Shule ile mwaka huo ilisifiwa. Sasa Mzee wa Ukaguzi, ile namba yako inayogusa shule zote, hao watatu iliwagusia wapi?

Kijana wa Kyambogo

Hajati kasema kitu ambacho darasani chuoni tunafundishwa kwa maneno marefu: namba ikishakuwa fimbo, watu wanaitengeneza namba. Marekani kulikuwa na sheria iliyosainiwa mwaka 2002 ikabana shule za umma kwa alama za mitihani ya kila mwaka. Mwaka 2011 wachunguzi wa jimbo la Georgia walikuta shule 44 za jiji la Atlanta zimehusika na udanganyifu, na waliotajwa ni walimu na wakuu wa shule 178. Watu wazima walikaa na vifutio wakibadilisha majibu ya watoto. Mwaka 2015 kumi na mmoja wakatiwa hatiani.

Jirani zetu walishastuka. Kenya walipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo mwaka 2014. Tanzania, Januari 2023, NECTA, baraza lao la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora.

Na kipimo cha kupangia maboresho tunacho. NAPE, upimaji wa kitaifa wa maendeleo ya elimu, ipo tangu 1996, UNEB haohao, inapima darasa la tatu na la sita.

Mzee wa Ukaguzi

NAPE inachukua sampuli ya shule, kijana. Kama shule ya Mwalimu haikuchaguliwa, NAPE haimjui. Itatuambia hali ya kusoma na kuhesabu nchini, waziri apate hotuba. Nafasi yake ni hiyo na siidharau, ila darasani kwa Busia haifiki.

Hajati, swali lako nimelisikia. Sina jibu. Tunajua mchezo huo upo, na idadi ya darasa la sita ukiilinganisha na walioandikishwa la saba unaona pengo. Wanasema wamehama.

Wa Arua

Niwape ya kwangu, sikusomea ualimu, naendesha boda.

Nilijitolea mwaka mmoja Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu. Wale watoto hawawapimii shuleni, wanakwenda nyumbani kwa watu. Unaingia boma, unauliza watoto wa miaka 6 hadi 16, wanaosoma na wasiosoma, unawapa kahadithi kafupi ka kiwango cha darasa la pili na hesabu za kiwango hichohicho. Kuna nyumba moja tulikaa chini ya mwembe. Binti wa darasa la tano, sare safi. Akashika karatasi, akasoma neno la kwanza, la pili, la tatu akalikisia. Akaanza kulitunga tu, hadithi yake mwenyewe, tena tamu kuliko ya kwenye karatasi. Baba yake alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akauweka chini. Hajasema kitu. Akaja akainama nyuma ya mtoto akaiangalia ile karatasi, ingawa yeye mwenyewe kusoma hajui.

Kesho yake nilimkuta njiani anakwenda shuleni na mpini wake. Kumtishia nani sijui, lakini alikwenda. Ripoti za kila muhula mtoto yule alikuwa akizileta, kapanda darasa kila mwaka, kwa sababu utaratibu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ni kupandisha. Hakuna karatasi iliyomfanya baba asimame ila ile aliyoona mtoto akiisoma.

Mstaafu Masindi

Nimefundisha kabla ya UPE na baada, namshukuru Mungu nimemaliza salama. Nina mawili.

La kwanza. Kisichotahiniwa hakifundishwi. Baraza la mawaziri lilipitisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, tukashangilia. Nendeni mkaangalie ratiba ya darasa la saba. Kiswahili hakimo kwenye masomo manne ya PLE, kwa hiyo kipindi chake kimemezwa na hesabu. Haya tunayoandikiana hapa tumejifunzia sokoni na kambini.

La pili, Mwalimu wa Busia, binti yangu, una wanafunzi wangapi? Karatasi ya hesabu ina maswali 32. Ukiwa na watoto 90 hayo ni majibu 2,880 ya kuyachambua moja moja. Nani ataifanya hiyo kazi kwa mshahara huu, ilhali mwenzako wa sayansi sekondari aliongezwa akafika milioni nne na wewe ukaambiwa subiri?

Mwalimu wa Busia

Mzee wangu, ninao 94. Sichambui zote. Nachukua kila karatasi ya nne. Zinakuwa ishirini na tatu. Nachora jedwali kwenye daftari, maswali 32 kushuka, na siandiki alama, naandika jibu la kosa lenyewe kama mtoto alivyoliandika. Jioni mbili, na taa ya sola. Kosa likijirudia zaidi ya mara tano nalizungushia duara.

Moko ile ilitoa maduara manne: dazeni, saa za mtindo wa ishirini na nne, swali la asilimia ambalo wote walizidisha badala ya kugawanya, na mchoro wa duara uliochapwa vibaya na wale wanaotuuzia mitihani, kiasi kwamba hata mimi sikuuona vizuri. Hilo la mwisho si kosa la mtoto hata kidogo. Mengine matatu niliyafundisha upya kwa wiki mbili. Prepu ya saa kumi na moja haikuhitajika.

Baba Wawili, Ntinda

Nakubali hilo la mchoro. Lakini kama lina faida hivyo, kwa nini usiliweke wazi? Kila shule ijaze jedwali lake, lipelekwe wilayani, wazazi tuone.

Mzee wa Ukaguzi

Hapo ndipo litakapofia. Siku majedwali yakifika ofisini kwangu, mtu atayajumlisha. Akishayajumlisha atayapanga, ya kwanza mpaka ya mwisho. Muhula utakaofuata kila shule itaniletea jedwali lisilo na kosa la dazeni, kwa sababu watoto watakuwa wameimbishwa: dazeni ni kumi na mbili, dazeni ni kumi na mbili. Uliza mayai ya trei, kimya.

Mwalimu wa Busia

Ndiyo maana sitaki likufikie, Mzee. Samahani.

Mzee wa Ukaguzi

Lisiponifikia, walimu wa kuongeza hupati. Unao 94 darasani. Nitasimama kikaoni na nini mkononi? Nitarudi kwenye PLE ileile unayoilaani.

Mama Bombo

Basi apewe makosa bila majina ya shule. Kwani kosa lina jina la mtu?

Mzee wa Ukaguzi

Hajati, umenipa wazo. Shule sita za gombolola moja, kila moja iniandikie maswali matatu yaliyoangusha wengi, kwenye karatasi isiyo na jina. Kama dazeni inatokea kwenye nne kati ya sita, hapo nina la kuwaambia wakufunzi, na nina sababu ya kuomba semina ya siku moja badala ya kugawa vitisho. Walimu wa ziada bado nitawaombea kwa PLE, hilo sitakudanganya.

Nitampelekea mkubwa wangu Jumatatu. Lakini namjua. Kabla hajaketi atauliza: ya kwanza ni ipi?

Mwalimu wa Busia

Mwambie ni dazeni.