Ushauri: tasnifu yangu ya milango ya Mji Mkongwe imerudishwa mara ya pili, Kiingereza kinaniangusha

Binti wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, nasoma sanaa hapa Unguja na niko mwaka wa mwisho. Tasnifu yangu inahusu nakshi za milango ya Mji Mkongwe, na tunatakiwa kuiandika kwa Kiingereza. Kazi ya uwandani haikunipa tabu: nimepiga picha, nimechora, nimekaa barazani na wazee wa Kiponda na Shangani, na katika daftari langu la Kiswahili kila kitu kimekaa mahali pake. Tabu inaanza ninapohamia Kiingereza. Msimamizi amenirudishia sura ya pili kwa mara ya pili, na pembeni ya karibu kila aya ameandika mambo mawili tu: kwamba lugha si sahihi, na kwamba ninaeleza bila ya kujenga hoja. Nilijaribu programu ya kutafsiri, nayo ikaugeuza mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kuwa kitu chenye manufaa, kana kwamba nimeandika kitenzi cha kufaa.

Naweka hapa sentensi yangu moja ili mnisaidie: "The door which its frame it is carved with flowers it is very beautiful and it shows the wealth of the owner." Ninahisi kwamba imepinda, lakini sijui imepindia wapi. Nimebakiwa na wiki sita.

Mhariri wa Vuga

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nimesahihisha tasnifu za vijana wetu kwa miaka mingi, na nakwambia mapema kwamba sentensi yako ina Kiswahili fasaha ndani yake, na hapo ndipo ilipopindia. Kitenzi chetu hakisimami bila ya kiambishi cha ngeli: tunasema "fremu yake imechongwa", na ile *i-* ya mwanzo hatuwezi kuiacha. Wewe umeihamisha ikawa "it", na umefanya hivyo mara mbili katika sentensi moja. Kiingereza, nomino ikishakaa mbele ya kitenzi, kimeridhika nayo. Ipitie sura nzima kwa kazi hiyo peke yake, ukitafuta kila "it" iliyoganda nyuma ya nomino yake, na uifute.

Jambo la pili ni "a" na "the", ambazo huwasumbua hata walimu. Wengi hudhani kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, nami sikubaliani nao kabisa. Sema "nimeona mlango", kisha sema "nimeuona mlango". Katika ya pili msikilizaji anajua ni mlango upi. Basi unapokwama, igeuze sentensi yako kwa Kiswahili na usikilize kama ulimi wako unataka kiambishi cha mtendwa, kama ile *-u-* ya "nimeuona". Ukikitaka, mara nyingi utahitaji "the". Si kanuni isiyovunjika, lakini itakuvusha penye makosa mengi.

Nyakati nazo zina utaratibu wake. Mlango uliopo unauelezea kwa wakati uliopo, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuutazama; fundi aliyeuchonga na tajiri aliyeuagiza wanabaki katika wakati uliopita. Ukiandika kuhusu Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, kuwa mwangalifu zaidi: jengo la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 haliwezi kuelezwa lote kwa wakati mmoja, na ni lazima useme wazi kipi kimesimama na kipi kilikuwapo.

Sasa nije kwenye hoja, ambayo ndiyo ninayoiona nzito kuliko sarufi. "Very beautiful" haimpi msimamizi wako kitu cha kushika, na utajiri wa mwenye nyumba hauonekani katika maua mpaka utuoneshe njia ya kutoka kwenye maua hadi kwenye utajiri: ukubwa wa ubao, aina ya mti, wingi wa misumari ya shaba, siku za kazi. Kila aya ianze na sentensi moja ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuipinga. Hakuna anayeweza kupinga kwamba mlango una maua, kwa hiyo sentensi hiyo haifai kuwa kichwa cha aya.

Fundi wa Mwembetanga

Mimi si mtu wa Kiingereza, lakini nimechonga milango tangu nilipotoka skuli, na nina machache ya kusema kuhusu istilahi. Binti yangu, mfaa uache uitwe mfaa. Uandike kwa herufi za mlazo pale unapoutaja mara ya kwanza, ueleze kwa sentensi moja kwamba ni mti wa katikati uliopigiliwa kwenye ubao mmoja wa mlango ili kuufunika mwanya pale mbao mbili zinapokutana, kisha endelea nao hivyo hivyo. Fanya vivyo hivyo kwa miimo, ile miti miwili ya ubavuni, na kizingiti ukiona neno la kigeni linapunguza maana. Hawa wasomaji wako wakiweza kujifunza majina ya Kitaliano ya sanaa za Italia, haya yetu hayatawashinda.

La pili ni kuhusu maana za nakshi. Wanaotembeza wageni husema kwamba samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, na misumari ya shaba ilikuwa ya kuzuia tembo. Mimi nimepigilia misumari hiyo na sijawahi kumwona tembo Darajani. Hadithi hiyo husimuliwa kuhusu milango ya India, na hapa kwetu misumari ni pambo. Ukiyaandika hayo kama kweli tupu, atakayekusoma atakushika.

Mhariri wa Vuga

Fundi amenitangulia. Kiingereza cha kitaaluma kina namna yake ya kusema "husemwa" na "huenda": "is often read as", "may suggest", "according to the guides". Usizimwage kila mahali hata ukaonekana mwoga. Ziweke pale ambapo ushahidi wako unaishia.

Msomaji wa Chake Chake

Mimi ningeshauri aandike tasnifu yote kwa Kiswahili kwanza, kisha atafsiri. Ndivyo nilivyofanya na nikapita.

Mhariri wa Vuga

Hongera, lakini kwa wiki sita simshauri. Sentensi zetu ndefu za "ambao" zikitafsiriwa zinakuja na mikia yake yote. Hoja aipange kwa Kiswahili, hata kwa mdomo, akimweleza mtu barazani. Sentensi azianze kwa Kiingereza, fupi, kiima na kitenzi vikiwa jirani.

Na kwa kuwa nimeona umetaja maandishi ya vizingitini katika uzi wako mwingine: tarehe za Hijria usizibadilishe kwa kukisia. Mwaka 1303 ulianza Oktoba 1885 na ukamalizika Septemba 1886, kwa hiyo mlango wenye tarehe hiyo, kama hauna mwezi, unaandikwa 1303/1885–86. Kuhusu mtindo wa marejeo, muulize msimamizi. Katika historia ya sanaa wengi hutumia Chicago, ila idara yako ndiyo yenye kauli.

Binti wa Wete

Ahsanteni sana, Maalim na Fundi. Nimezifuta "it" thelathini na moja katika sura moja, na nimeona haya. Nimerudi kwenye mlango mmoja wa Kiponda niliokuwa nimeuelezea kwa "very beautiful", nikakaa mbele yake asubuhi nzima, na nimeandika hivi: "The chain on the left jamb stops two links short of the sill, while the chain on the right jamb reaches it. The left jamb may therefore be a later replacement."

Mhariri wa Vuga

Sina cha kusahihisha katika lugha. Hiyo ya pili ni sentensi ya kupingika, na "may" imekaa mahali pake. Sasa tafuta ushahidi wa kuikaza.

Fundi wa Mwembetanga

Huenda mwimo wa kushoto umekatwa chini tu kwa sababu ya kuoza, binti yangu, usikimbilie kusema umebadilishwa. Usitazame uso wa nje, maana mafuta na vumbi la miaka hufanya miti yote ifanane. Ingia ndani, tazama mgongo wa mwimo. Mbambakofi unakwenda kwenye wekundu wa kahawia, mfenesi una umanjano. Ikiwa kulia ni mbambakofi na kushoto ni mfenesi, hoja yako imepata mguu wa kusimamia.

Binti wa Wete

Mwenye nyumba amenikubalia nipite kesho baada ya alasiri. Fundi, kama una nafasi, naomba tuongozane.

Fundi wa Mwembetanga

Nitakuwapo inshallah. Njoo na tochi.