Kisu cha kukunja: loki ipi inavumilia utomvu wa migomba na matope?

Ndizi_Kibosho: Wakuu, naombeni ushauri. Kisu changu cha kukunja ni cha shambani, kwenye migomba na kahawa. Ni cha loki ya mgongoni, ile unayobonyeza juu ya mpini ndipo kikunjike. Utomvu wa mgomba ukichanganyika na vumbi unaganda kama gundi. Juzi nimekifungua, nikasikia "ta", nikajua kimekamata. Kumbe jino la loki limeishia njiani. Kimenikunjia kidoleni, nimeshonwa nyuzi tatu. Dukani nimeona cha bati la ubavuni, cha pete kama Opinel, vile vya Kifaransa, na kile chenye kipini, kijiti kidogo cha chuma kinachokatiza mpini, cha kuvuta nyuma kwa vidole viwili. Kipi kitavumilia uchafu? Uzuri si hoja.

FundiBomba: Pole sana mkuu. Kwa upande wa nguvu usiilaumu loki ya mgongoni, hapo haina mpinzani wa bei yake. Buck 110, kisu cha Kimarekani cha loki hiyo, ilitoka miaka ya 1960 na bado inauzwa. Kasoro yake ni lile pengo kwenye kisigino cha bapa, ile sehemu yake inayokaa ndani ya mpini: jino lazima litumbukie lote, na uchafu ukijaa humo huuoni. Mimi nakifungua nusu, nachokonoa pengo kwa kijiti cha meno, ndiyo naanza kazi.

Ndizi_Kibosho: Kijiti cha meno kila asubuhi? Hapana kaka.

Mvuvi_Kilwa: Chukua cha pete. Opinel waliiweka mwaka 1955 na haina springi hata moja. Unafungua bapa, unazungusha pete kwa mkono, basi. Mchanga ukiingia utasikia inakwaruza, lakini macho yako yanaona kama imezunguka au la. Hiyo ndiyo tofauti na "ta" yako: sikio linadanganywa, pete hailazimishi uamini sauti.
Ubaya wake ni mpini wa mbao. Ukilowa unavimba na bapa linagoma kutoka. Wenyewe kule Savoie, Ufaransa, wanagonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa linachomoza kidogo, unalivuta. Na tafuta bapa lililoandikwa INOX, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, la chuma cha kawaida litakula kutu.

Chuma_Chakavu: Mnaisahau ya bati. Iko wazi, unaiona yote, unaisuuza bombani na mswaki wa zamani. Ila kwa utomvu sikushauri: bati linashikilia kisigino kwa kusuguana, eneo lenyewe dogo kama ukucha. Likiteleza hapo, umekwisha. Ya kipini cha kuvuta naipenda, maana kipini kikienda na kurudi kinajisafishia njia, na mpini ulio wazi mgongoni unapitisha maji. Ile ya Benchmade, kampuni ya Marekani, ina springi mbili, moja ikikatika nyingine inabeba. Lakini springi zenyewe ni nyembamba kama waya, na sijui fundi gani Moshi atakuuzia ya akiba.

Bibi_Shamba: Wajukuu, mgomba na kisu cha kukunja wapi na wapi? Kisu kizima kwenye ala hakina loki ya kuharibika.

Ndizi_Kibosho: Shikamoo bibi. Kweli kabisa, ila nikishuka mjini na daladala ala kiunoni inaleta maswali.

Bibi_Shamba: Marahaba. Basi kiache kibandani, mjini unakata nini?

Mzee_wa_Okapi: Hakuna aliyetaja Okapi? Kilianza kutengenezwa Ujerumani 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, sasa kinatoka Afrika Kusini. Springi iko mgongoni, unaivuta kwa kipete cha nje, hata kwa mikono yenye tope. Kinalegea kikizeeka, sikatai, ila bei yake haikuumizi roho kikipotea shambani.

FundiBomba: Vyovyote utakavyochagua, kila ukikifungua bonyeza mgongo wa bapa kwenye gogo kabla ya kuanza, vidole vikiwa nje ya njia yake. Kikikunjika, kimekunjikia gogo.

Ndizi_Kibosho: Nimechukua cha pete, INOX. Na kisu cha ala cha kibandani, bibi ameshinda. Mvuvi, nipake mafuta gani kwenye kiungo? Nyumbani kuna ya alizeti.

Mvuvi_Kilwa: Ya kula usithubutu, yatanata kuliko huo utomvu. Tone moja la mafuta ya cherehani, kisha futa mpaka uone kama hukupaka kitu.