Mjadala: Waliochimba uwanja wa Embakasi, jasho lao linadaiwa au halidaiwi?

Mtoa mada

Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliokuja kuitwa Jomo Kenyatta, ulifunguliwa na gavana Evelyn Baring Machi 1958. Waliousawazisha uwanda ule kwa jembe, sururu na karai ni watu wa Hali ya Hatari, ile ambayo Waingereza waliitangaza mwaka 1952 kuzima uasi wa Mau Mau: wafungwa wa Mau Mau, na pamoja nao watu waliozuiliwa tu, bila kesi. Nimekwenda pale mara kadhaa kupokea jamaa. Kibao cha kuwataja sijakiona.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228. Fedha hizo zilikuwa za mateso: kipigo, kuhasiwa, kubakwa. Kazi haikuguswa. Mimi nasema kazi nayo ni deni. Karibuni.

Asiyeshawishika

Ndugu, jela gani duniani haina kazi? Hata leo mfungwa analima, anashona, anafyatua matofali. Tukianza kudai mshahara wa kila aliyewahi kushika jembe akiwa ndani, tutamaliza lini? Kenyatta mwenyewe alihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu mwaka 1953, na hajadai senti.

Mtoa mada

Kenyatta kule gereza la Lokitaung alipewa jiko kwa sababu ya umri wake, akawapikia wenzake. Simlaumu, ila mfano huo haukusaidii.

Tutenganishe watu. Mkataba wa Kazi ya Shuruti wa 1930, ambao Uingereza iliuridhia mwaka 1931, unaruhusu kumfanyisha kazi mtu aliyehukumiwa na mahakama. Aliyezuiliwa kambi ya Manyani au Mackinnon Road alihukumiwa na nani? Wengi walizolewa Nairobi katika msako wa Aprili 1954, wakapangwa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kwa kadiri walivyoonekana kukubali kukiri kiapo cha Mau Mau. Mweusi, yaani aliyeonekana mkaidi kabisa, habadilishwi rangi mpaka akiri na akubali kufanya kazi. Maana yake jembe ndilo lililokuwa kipimo cha kutubu. Ukilikataa, unakatiwa chakula. Ukishikilia, unapigwa. Mkataba ule una mwanya wa dharura, najua utaukimbilia: vita, mafuriko, njaa. Uwanja wa ndege ni dharura ya nani?

Na siku zenyewe zilivyokuwa: mnachuchumaa watanowatano, mikono kichwani, mhesabiwe. Anayeadhibiwa anabebeshwa ndoo za choo kichwani, zinamchuruzikia usoni. Manyani ilipata homa ya matumbo mwaka huohuo wa 1954, na si ajabu, kwa watu wengi vile na maji kidogo vile.

Asiyeshawishika

Sawa, walionewa, sibishi. Lakini utamlipa nani? Wengi wamekufa. Na kila mjukuu atakuja na hadithi ya babu.

Mzee wa Tebere

Wanangu, niacheni niingie. Mnabishania ndege, mimi nabishania mpunga. Mifereji ya kwanza ya mradi wa mpunga wa Mwea, kwetu huku, ilichimbwa na watu wa kizuizini, miaka hiyohiyo ya hamsini. Pishori mnayoila arusini imepita katika jasho lao. Bendera ilipobadilika, mkulima wa Mwea akabaki mpangaji wa leseni juu ya shamba analolilima, na kanuni zikamwelekeza apande nini na auze wapi, hadi tulipogoma mwishoni mwa miaka ya tisini. Kwa hiyo mnaposema Uingereza ilipe, sawa, ilipe. Ila serikali yetu nayo ilirithi kazi ile ikiwa imekamilika, na mimi sijasikia hata moja ikisema asante.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Hapo umenigusa, maana nilikuwa nimeelekeza kidole London peke yake.

Asiyeshawishika

Mzee nimekusikia. Kibao nakubali, hata kesho. Malipo bado.

Mtoa mada

Basi nikupe kambi ya Hola, kwa sababu kila mtu anaikumbuka kama kisa cha kipigo na anasahau kilianzia wapi. Kulikuwa na mpango ulioandikwa, ukaitwa kwa jina la ofisa wa magereza, Cowan: wanaokataa kazi wapelekwe shambani kwenye mradi wa umwagiliaji, na wakigoma, washurutishwe. Tarehe 3 Machi 1959 wakatolewa watu 85. Kufika jioni wafu ni 10, na wa 11 akafuata. Tamko la kwanza la serikali likasema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Uchunguzi wa hakimu ukakuta ni majeraha ya kipigo.

Watu wale walikuwa wakisema jambo moja tu: sisi si wahalifu, hamwezi kutufanyisha kazi. Sasa ukilipa vidonda vyao na kuliacha lile walilolifia, umelipa nini?

Asiyeshawishika

Hilo sijapata jibu lake. Lakini hata nikikubali ni deni, naanza na karatasi kabla ya pesa. Manyani walivalishwa bangili za chuma zenye namba. Namba ina jina lake kwenye faili fulani. Uingereza ilikiri mwaka 2011 kwamba ilificha mafaili ya makoloni Hanslope Park, hukohuko Uingereza. Orodha za vikosi vya kazi zitafutwe kwanza, Embakasi na Mwea zote mbili.

Mzee wa Tebere

Zitafuteni upesi. Hapa kwetu wamebaki wa kuhesabika.