Herbie Hancock na kazi ya kupanga ala: mpiga kinanda aanzie wapi?

Mpiga kinanda, Jinja

Ndugu wanamuziki, salaam. Napiga kinanda kanisani na katika bendi ya harusi, na sasa kiongozi wetu amenikabidhi kazi ya kuandikia tarumbeta, saksofoni ya alto na tromboni. Kila ninachoandika kinasikika kizito, kana kwamba ala zote zinagombania mlango mmoja. Nampenda sana Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, hasa vinanda vyake vya umeme vya miaka ya 1970. Je, katika kazi zake kuna mahali pa kujifunzia kupanga ala, au nimsikilize kama mpigaji tu?

Mwalimu wa muziki, Kampala

Pako, ndugu yangu, na ningekushauri uanzie mwaka 1968. Hancock alizaliwa Chicago mwaka 1940, akapiga Mozart na okestra ya jiji hilo akiwa na miaka 11, na mwaka 1963 akaingia katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis. Vidole havikuwa shida yake kamwe. Lakini katika albamu ya Speak Like a Child alithubutu jambo ambalo wapigaji hodari wengi hulikwepa: alichukua flugelhoni, tromboni ya besi na fluti ya alto, ala tatu zenye sauti nene na laini, akazinyima nafasi ya kupiga peke yake, akazitandaza nyuma ya piano kama rangi. Sikiliza zinavyosogea polepole huku piano ikitembea juu yake, kisha ujiulize mkono wako wa kushoto unafanya nini wakati tromboni inapolia. Nashuku uzito wako unatoka hapo, kwa sababu kinanda, tromboni na gitaa la besi vyote vinang'ang'ania sauti za chini.

Msikilizaji, Nebbi

Naomba kuongeza jambo linalotuhusu sisi wasema Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hancock alijiita Mwandishi, jina lililobebwa pia na albamu yake ya 1971. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali. Kwa mpangaji wa muziki, sidhani kama kuna jina lingemfaa zaidi.

Halafu tafuta Head Hunters ya 1973, ambamo alirudia Watermelon Man, wimbo wake wa 1962, akiwa ameubomoa na kuujenga upya. Mwanzoni Bill Summers anapuliza chupa ya bia, akiiga filimbi ya Wabenzele wa Afrika ya Kati, ambao hupokezana sauti ya kinywa na noti moja ya filimbi. Huku kwetu Waalur wanaijua mbinu hiyo ya kupokezana katika agwara, tarumbeta zao za asili: kila mpulizaji ana noti yake, na wimbo huzaliwa kwa kupokezana.

Mpiga kinanda, Jinja

Asanteni sana. Agwara nimezisikia tangu utotoni, wala sikuwahi kuzifikiria nilipokuwa nikiandika noti. Katika mazoezi ya Jumamosi nitaliachia gitaa la besi sauti za chini, na kila mpulizaji nitampa noti mbili tu, zikipishana.

Mwalimu wa muziki, Kampala

Vizuri. Kumbuka tu kwamba noti inayosikika kwenye tarumbeta na saksofoni ya alto si ile iliyoandikwa: ukitaka isikike C, mwandikie mpiga tarumbeta D na mpiga saksofoni ya alto A. Tromboni iandikie kama inavyosikika.